Daktari Alipozima Mashine

Wapiga chapa wote wa mahakama ile walikuwa wanaijua tiki ya Dokta.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Washtakiwa wa vita, kabla ya kupandishwa kizimbani, walipelekwa kwanza kwa daktari wa akili awapime kama wana akili timamu, na kama siku zile za mauaji walijua wanachokifanya. Dokta alikaa nao chumbani, mashine ya kurekodi ipo mezani, kanda inazunguka. Kanda ikijaa inapandishwa ghorofani, chumba cha chapa, mahali ambapo zamani jengo lilipokuwa kiwanda cha soksi ndipo zilipokuwa mashine za kufuma. Wasichana sita, spika masikioni, mguu kwenye pedali ya kurudisha kanda nyuma, wanaandika kila neno. Mtu akikohoa wanaandika amekohoa. Walikula kiapo juu ya hilo.

Sasa kwenye kanda za Dokta, katikati, ulisikia tiki. Mashine imezimwa. Halafu tiki tena. Imewashwa. Na mshtakiwa ambaye kabla ya tiki alikuwa bubu kama gogo, baada ya tiki anamwaga maneno kama redio.

"Jamani anawalisha nini huko katikati?" mmoja aliwahi kuuliza.

"Peremende."

"Peremende gani ya kumlegeza muuaji? Muulize mwenye mali. Kitinda, mchumba wako anawapa nini?"

Kitinda alicheka pamoja nao. Aliitwa Kitinda tangu utotoni kwa sababu alikuwa wa mwisho kuzaliwa, na baada ya vita alikuwa wa mwisho kubaki. Alicheka kwa fahari. Moyoni alijisemea kwamba hawaijui sauti ya yule mwanaume, wala hawajui akikutazama vile, kichwa kakiinamisha kidogo, utasema umezaliwa ili usikilizwe na yeye tu. Mwaka mzima alikuwa amependwa namna hiyo. Siku ya kisa hiki, jioni, Dokta alikuwa anakuja nyumbani na mjomba wake kumposa.

Asubuhi ya siku hiyo, saa tatu, mkuu wa chapa akamwekea kanda kwenye trei. Mwenzake aliyezoea kuandika kesi ile alikuwa kalazwa na homa. Ilikuwepo sheria kwamba mwenye ndugu aliye shahidi asiguse kanda ya kesi hiyo, lakini kanda ziliandikwa namba tu, hazikuandikwa majina, na mkuu wa chapa alikuwa na haraka. Hii ilikuwa namba kumi na nne. Kitinda akaichomeka, akavaa spika, akakanyaga pedali.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Dokta, tulivu, tamu. Kitinda akatabasamu peke yake.

Sauti ya pili ilikuwa ya Kamanda.

Hakuwahi kuisikia, ila Dokta alimwita kwa cheo chake, na katika nchi nzima hakuna aliyemwita mwingine kwa cheo hicho. Huyu ndiye mtu aliyewaleta askari mtaani kwao miaka kumi na moja iliyopita. Baba yake aliuawa siku hiyo. Mama yake ndiye angekuwa shahidi wa nne dhidi ya Kamanda, kesi itakapoanza kabla mwezi haujaisha.

Ilimpasa avue spika, anyooshe mkono, aseme hii si yangu. Mkono haukunyanyuka. Akaendelea kuandika.

Dakika ishirini Kamanda hakusema kitu cha maana. Ndiyo. Hapana. Sikumbuki. Mtaa huo siujui. Kichwa changu kibovu, Daktari, si ndiyo maana nipo kwako? Kitinda akaisubiri tiki. Haikuja. Dokta, kwa uchovu au kwa kuzoea, siku hiyo alisahau kuzima.

"Nikupe changu, na wewe unipe chako," ilisema sauti ya Dokta. "Kuna msichana namfahamu. Mama yake alijificha ndani na mtoto. Mumewe akafika mlangoni, anagonga, anaita. Dada, fungua. Dada, fungua. Mwanamke kauegemea mlango kwa mgongo, kamziba mtoto mdomo. Hakufungua. Hajawahi kumwambia mtu. Hata wifi yake, dada wa marehemu, anaishi naye nyumba moja na anaamini kaka yake alifia getini bila kusema neno. Unaona? Kila mtu ana mlango wake, Kamanda. Niambie wa kwako."

Vidole vya Kitinda vilikuwa bado vinaandika. Viliandika mpaka "wa kwako", vikaweka nukta.

Kwenye kanda kikaja kicheko. Kicheko kirefu cha mtu aliyetulia.

"Mlango wa kijani!" Kamanda alisema. "Kumbe walikuwa ndani! Mimi mwenyewe nilimsimamisha pale mlangoni. Nikamwambia sikioni, mwite mkeo, mlango ukifunguliwa nakuacha. Yeye anaita dada, dada. Nikaenda getini nikamuuliza jirani, huyu ana dada humu? Jirani akasema dada yake kaolewa mji mwingine. Nikasema basi, woga umemtoa akili, nyumba tupu hii. Tukammaliza, tukaenda zetu. Kumbe alinichezea! Miaka yote!" Akaacha kucheka. "Huyo mwanamke ndiye shahidi wa nne, eti Daktari?"

Na Dokta, badala ya kushtuka, akauliza, "Kwa hiyo unaikumbuka vizuri siku hiyo?"

Aliuliza kwa furaha. Kitinda aliijua furaha hiyo. Ndiyo aliyomletea siku aliyokubali kuwa mchumba wake.

Alivua spika, akatoa karatasi kwenye mashine, akaichukua na kanda yake, akashuka ngazi mbili mbili.

Chumba cha Dokta kilikuwa na viti viwili vinavyotazamana na dirisha lenye nondo. Alikuwa anakunywa chai. Alipomwona akasimama, uso umemchanua.

"Mpenzi wangu. Mbona umekuja saa hizi? Mjomba ameshanyoosha suti tangu alfajiri, utadhani anaoa yeye."

Kitinda akaiweka karatasi mezani. Dokta akasoma. Aliisoma yote, halafu akakunja mdomo, halafu akakiweka kikombe chini polepole.

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Naona una hasira."

"Hee! Miaka saba ya chuo kuja kuniambia nina hasira?"

"Kitinda, vuta pumzi. Tuzungumze kama..."

"Usinipe hiyo sauti! Hiyo sauti nimeisikia sasa hivi ikimbembeleza muuaji wa baba yangu. Nipe sauti yako nyingine, kama unayo."

Dokta akaketi. "Kanda kumi na tatu hakufungua mdomo. Kumi na tatu. Anajifanya mwendawazimu, na mahakama inasubiri neno langu. Ningeandika kwamba haeleweki, angepelekwa hospitali akalale kwenye shuka safi. Mtu wa namna ile humpati kwa maswali. Unampa kitu, naye anakupa kitu. Ndiyo kazi."

"Unampa kitu chako."

"Nilimpa..."

"Chako! Mama yangu ni kitu chako? Una mjomba aliyekulea, una mambo yako uliyofanya ukiwa na miaka kumi ukajificha chini ya kitanda. Mbona hukumpa hayo?"

"Sikutaja jina."

"Umemtajia mlango! Umemtajia wifi! Ulibakiza kumchorea ramani tu. Mtu mwenyewe kakujibu, shahidi wa nne. Kesho wakili wake atamsimamisha mama yangu mbele ya watu amuulize, wewe bibi, ulisema mumeo alifia getini, mbona leo tunasikia alifia mlangoni kwako? Umetudanganya hili, mangapi mengine umetudanganya? Na shangazi atakuwa amekaa palepale anasikiliza. Hukuliona hilo, wewe unayeona mpaka ndani ya vichwa vya watu?"

Kitinda akasogea mpaka meza ikamgusa tumboni.

"Sasa niambie. Kanda kumi na tatu. Kila kanda ina tiki zako. Kila tiki ulimpa nini?"

"Kitinda..."

"Ulimwambia nilivyolia siku ile ya mvua, kwenye gari lako? Ulimwambia kwamba mpaka leo silali bila taa? Ulimwambia ulivyonibusu? Eti tuseme Kamanda anajua mdomo wangu ulivyo, mimi hapa najidai nina mchumba, kumbe nimechumbiwa na gereza zima?"

Hakuna aliyewahi kumwona Dokta akitazama sakafu. Siku hiyo aliitazama.

"Baadhi," alisema.

"Baadhi yapi?"

"Taa. Nilimwambia ya taa."

Msichana ukishapenda hujiulizi unayemwambia atayapeleka wapi. Unaona umeyaweka mahali salama kuliko kabati lenye ufunguo. Kitinda alisimama pale akihisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta wageni wamelala kitandani mwake na viatu.

"Lakini sikiliza na haya," Dokta alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kweli. "Umesikia alichokiri? Amekiri alikuwepo. Amekiri yeye ndiye aliyemsimamisha pale. Anakumbuka rangi ya mlango. Wazimu gani huo? Amekwisha, Kitinda. Na baba yako, umesikia alichofanya baba yako? Alimwita mtu asiyekuwepo ili ninyi muishi. Mama yako amekaa na mzigo ule miaka yote bila kujua. Bila mimi msingejua kamwe."

"Usithubutu!" Kitinda alipiga meza, chai ikamwagika. "Usithubutu kunifanya nikushukuru! Umeniibia, umeuza, sasa unaniletea chenji unataka nikupigie magoti?"

"Basi ruka. Usiandike. Ni dakika mbili tu, nani atajua? Sema kanda ilikwama."

"Nikiruka la mama, la Kamanda litaeleweka vipi? Anacheka nini? Anajibu nini? Nikifuta la mama nafuta na kukiri kwake. Nikiandika, namvua mama yangu nguo mbele za watu. Umenifunga miguu yote miwili kwa kamba moja, Dokta, halafu unaniambia ruka!"

Akachukua karatasi yake na kanda. Mlangoni Dokta akamwita, "Jioni je?"

"Njoo," alisema bila kugeuka. "Na mjomba wako mlete. Suti si ameshainyoosha?"

Kanda ilitakiwa imalizike kuandikwa kesho yake saa nne. Nakala moja kwa majaji, moja kwa waendesha mashtaka, moja kwa wakili wa Kamanda. Kitinda akaomba ruhusa ya kichwa kuuma, na hakudanganya. Kutoa nje habari ya kanda ilikuwa kuvunja kiapo. Alikivunja akiwa ndani ya basi, kabla hata hajafika, kwa kukata shauri kwamba mama yake ataulizwa kabla ya jaji yeyote.

Nyumbani walikuwa katika maandalizi. Shangazi alikuwa juu ya kiti sebuleni akipachika mapazia yaliyofuliwa, uso kaukunja.

"Nitazame," alisema. "Mtu mzima mimi, na magoti yangu haya, napamba nyumba kwa mtu nisiyemtaka. Mwanaume anayekaa na wauaji asubuhi, jioni aje akushike mkono huo huo. Mama yako kanyamazishwa na heshima zake za shikamoo mama, umelalaje mama. Mimi hanipati."

"Mama yuko wapi?"

"Jikoni anahesabu vikombe kwa furaha."

Mama alikuwa anapangusa vikombe. Kumtetea Dokta alikuwa amemtetea yeye, miezi sita, dhidi ya wifi yake. Tangu mume wangu afe, alikuwa akisema, hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kuniuliza nimelalaje akasubiri jibu. Kitinda akaufunga mlango wa jikoni, akamwambia. Hakupamba. Alianza na tiki, akamalizia na swali la shahidi wa nne, ila maneno yale ya katikati, ya baba na Kamanda, aliyaacha.

Mama alipangusa kikombe kimoja mpaka mwisho. Akakiweka.

"Nani alimwambia Daktari?"

"Mama..."

"Nimekuuliza. Siku yenyewe ulikuwa mdogo, huikumbuki. Mimi nilikwambia wewe, nikiwa mgonjwa, nikidhani nakufa. Nilikwambia peke yako. Kwa Daktari yalifikaje? Yalitembea?"

"Nilimwambia mimi."

Kofi lilikuja kabla neno halijaisha. Mama hakuwa amempiga tangu akiwa na miaka tisa.

"Basi yeye ni mwizi wa pili! Wa kwanza ni wewe! Unalia nini? Umekuja hapa unatukana mtu kwa kutoa cha watu, wewe ulitoa cha nani? Cha kwako? Ulitoa ukapata nini, kubembelezwa? Eeh? Ulimpa mgongo wangu uliopo mlangoni ili akukumbatie vizuri zaidi?"

Ilikuwa kweli. Siku ile ya mvua alitaka kupendwa kwa huruma, na huzuni yake mwenyewe aliiona ndogo, akaongeza ya mama.

"Nisamehe, mama."

"Sina nafasi ya kukusamehe, nina nafasi ya kusikiliza. Kuna nini zaidi? Nakujua. Umemeza kitu."

Ndipo Kitinda akayatoa ya baba. Kwamba alisimamishwa. Kwamba aliambiwa amwite mkewe. Kwamba alimwita dada, na kwa sababu hiyo wale watu walidhani nyumba haina mtu.

Mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikaa kwa muda mrefu kiasi kwamba Shangazi akapaza sauti kutoka sebuleni kuuliza kama vikombe vimezaa. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri, akapita sebuleni.

"Wifi," alisema, "shuka kwenye kiti."

"Bado ndoana mbili."

"Shuka, wifi yangu. Nikikwambia upo juu utaanguka."

Akamwambia akiwa amesimama, mikono chini, kama anayetoa ushahidi. Kitinda alimtazama shangazi yake uso ukibadilika kama mtu anayeamshwa kwa kofi, kwanza hajui yuko wapi, halafu anajua.

"Alifika mlangoni," Shangazi alisema.

"Alifika."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa na huyu, nimemziba mdomo. Niliona nikifungua tunakwisha wote watatu."

"Miaka kumi na moja! Tunalala chumba kimoja! Nakuuliza kaka yangu alikufaje, unaniambia kimya, wifi, hakuteseka. Nimekuwa namshukuru Mungu kwa uongo wako!"

"Nilikuwa naogopa utaondoka."

"Ningeondoka! Ningeondoka na nisingerudi!" Ndoana za pazia zilikuwa bado mkononi mwake, akazitupa ukutani moja moja. "Aliita nini? Kamwe hukuniambia. Aliita nini?"

"Alikuita wewe."

Shangazi akashusha mkono, ndoana ya mwisho bado imo.

"Alisema dada, fungua. Mimi mkewe nipo nyuma ya ubao, namsikia pumzi, anamwita dada yake. Nimekuonea wivu, wifi, kuliko mke mwenza. Chai yako nanywa, na nakuchukia. Nilidhani saa yake ya mwisho alikutaka wewe, hakunitaka mimi. Kumbe alijua wewe hupo. Alijua kabisa. Leo ndiyo naambiwa."

Kitinda akamweleza Shangazi yaliyobaki. Alipofika mahali Kamanda aliposema nyumba tupu, Shangazi alikuwa ameshakaa chini sakafuni, pazia magotini, na alikuwa anatoa sauti ambayo hukuweza kujua ni kilio au kicheko.

"Mjanja yule," alisema. "Mjanja tangu mdogo. Ukimtuma kwa baba aseme hivi, atasema vile, na baba ataamini." Akajifuta na pazia safi. Halafu akamkata jicho wifi yake. "Sijakusamehe. Usidhani machozi haya ni msamaha, haya ni ya kaka yangu. Lakini siku yako ya kizimbani nitakaa benchi la mbele kabisa. Yule mtu akikutazama, atanikuta mimi kwanza."

"Nitasema mwenyewe," Mama alijibu. "Kabla wakili wake hajafungua faili. Kitinda, kesho andika kila neno. Usinisitiri. Nimejisitiri vya kutosha."

"Na huyo bwana harusi," Shangazi aliuliza, akiinuka kwa kushika ukuta, "anakuja saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Nisaidieni ndoana basi. Mapazia lazima yawepo. Asije akasema hatukumpokea."

Saa kumi kamili, Dokta akaingia na mjomba wake. Mzee alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyemlea na kumsomesha, mtu mdogo wa umbo aliyevaa suti aliyoishona mwenyewe. Akasalimia kila mtu, akasifu mapazia. Chai ikamiminwa. Mzee akakohoa kuanza.

"Kabla hujasema, baba," Mama alimwomba kwa adabu, "mwanao ana jambo la kukueleza. Daktari, mweleze mjomba wako ulichokifanya na siri yangu."

Dokta alikuwa amekaa pembeni ya kiti. Alimtazama Kitinda kama anayeomba kamba. Kitinda hakumrushia.

"Mjomba, katika taaluma yetu kuna njia ya kujenga uaminifu na mhojiwa..."

"Nieleze kama unamweleza mshonaji," Mjomba alisema.

Dokta akajaribu tena. Alipata shida, maana maneno yake makubwa yalipoondolewa kulibaki kidogo sana. Mjomba alisikiliza, kikombe kimeganda hewani.

"Subiri nielewe," alisema. "Huyu mama ndiye mkweo mtarajiwa."

"Ndiyo."

"Alikuwa na jambo lake la moyoni. Ukalichukua ukampelekea yule aliyemuulia mume."

"Ili akiri, mjomba."

"Na ulimwomba?"

"Nani?"

"Huyu mama! Aliyekaa hapa! Anayeweza kuongea! Ulimwomba?"

Mzee akaweka kikombe chini, kikagonga kisosi.

"Mimi mteja akiniletea kitambaa," alisema, "kipande kikibaki namrudishia, hata kama ni cha upana wa kidole. Nilikulea hapo hapo chini ya meza ya cherehani, ukiviokota vipande hivyo." Akainuka. Akamwinamia Mama, akamwinamia na Shangazi. "Mama zangu, nilikuja kuomba. Leo sina uso wa kuomba. Nisamehewe." Akatoka, na suti yake nzuri.

Shangazi, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi tangu saa sita mchana, akabaki nayo mdomoni. "Mzee mwenyewe ningemkubali," alinong'ona.

Kitinda akamsindikiza Dokta mpaka uani. Jua lilikuwa bado kali. Mjomba alisimama mbali barabarani, amewapa mgongo.

"Nitajiuzulu," Dokta alisema. "Nitakwenda kwa majaji kesho niseme kosa ni langu, mama yako asiguswe."

"Nenda. Itakuwa vizuri."

"Na sisi?"

Kitinda akatazama barabarani, kwenye mgongo wa Mjomba.

"Hunipendi tena, Kitinda?"

"Nakupenda," alisema kwa hasira, kama anayemtukana. "Ningekuwa sikupendi, hasira ingekuwa imeshaisha, ningekuwa ndani nanywa chai. Nakupenda mpaka hapa." Akajishika koo. "Lakini leo mama amenipiga kofi. Shangazi amelia akicheka, sijawahi kuona kitu kama kile. Nimejua baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Tangu mchana nina hamu ya kumwambia mtu, na mtu mwenyewe niliyezoea kumwambia ni wewe. Nimefungua mdomo mara tatu nikaufunga. Sasa nikikaa na wewe miaka arobaini, nitakaa nimeuziba?"

Dokta alimtazama. Kichwa hakukiinamisha. Aliinua mkono, akaushusha. Mtu aliyeweza kumtoa maneno gogo, alitafuta lake moja akalikosa.

"Sina cha kusema," alisema mwishoni.

"Hilo," Kitinda alimwambia, "ndilo ulilopaswa kumwambia Kamanda."

Akaingia ndani.